Mwenye Macho Huambiwa Tazama

Kijana mwenye shahada ya kwanza ya historia akitangaza nyumbani kwamba anataka kuendelea na uzamili katika historia ya upigaji picha, majibu atakayopata yanajulikana kabla hayajatamkwa. Mzazi atamwambia anunue kamera, apige picha za harusi na mahafali, atakula jasho lake mapema. Mhadhiri atamshauri atafute mada yenye nyaraka za maandishi. Afisa anayegawa ufadhili ataiweka fomu yake chini ya zile za uhandisi, udaktari na kompyuta. Watatu hawa hawajawahi kukutana, lakini wanaamini jambo moja: picha haina cha kusomewa. Ukiitazama umeshaiona, na mwenye macho haambiwi tazama.

Imani hiyo ni kosa, na ni kosa linalotugharimu. Nasema mwenye macho huambiwa tazama, tena huambiwa zaidi ya mara moja, na anayefaa kumwambia ni mtu aliyefunzwa kwa miaka. Nasema pia kwamba vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinapaswa kufundisha historia ya upigaji picha katika ngazi ya uzamili na uzamivu, kwa sababu kila mwaka tunaochelewa, picha zetu zilizo ng'ambo zinaelezwa na wengine, na zilizo nyumbani zinaoza.

Nianze na dai kwamba picha inajisemea yenyewe. Mei 1904, katika kituo cha wamisionari cha Baringa, Kongo, alifika mwanamume aitwaye Nsala akiwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa ABIR, kampuni ya mpira. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimkalisha barazani, viungo vile vikiwa mbele yake, akampiga picha. Picha hiyo na nyingine za Harris zilirushwa ukutani kwa taa katika mihadhara ya Uingereza na Marekani, zikawa silaha ya Congo Reform Association, chama kilichoanzishwa mwaka huohuo. Mwaka 1908 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa ameishika Kongo kama mali yake binafsi, aliikabidhi kwa serikali ya nchi yake.

Mtu asiyefunzwa huipokea picha hiyo kwa njia mbili, na zote mbili zinapotosha. Wa kwanza huiamini bila kuuliza, akaisambaza na maelezo yoyote yaliyoambatishwa nayo, hata yale yasemayo kwamba mtoto alikatwa mkono kama adhabu ya baba aliyeleta mpira pungufu. Wa pili akisikia kwamba mpiga picha alimpanga Nsala, huitupa yote, akasema ni propaganda ya wamisionari. Mwanafunzi wa historia ya picha hufundishwa kwamba kupangwa kwa picha na ukweli wa tukio vinaweza kukaa pamoja. Harris alipanga mkao kwa ajili ya hadhira ya kumbi za makanisa huko kwao. Mauaji yalitokea kweli. Na aliyevibeba viungo vile hadi kituoni ili vionekane ni Nsala mwenyewe. Kwa hiyo shahidi wa kwanza katika picha hiyo ni baba aliyefiwa, wala si mwenye kamera. Hitimisho hilo halionekani kwa kukodoa macho. Linapatikana kwa kusoma barua za wamisionari, kumbukumbu za kampuni, mpangilio wa mihadhara na picha nyingine zilizopigwa na kamera ileile.

Uganda ina mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2019 Uganda Museum ya Kampala ilionyesha sehemu ya hazina ya negativu takriban 70,000 zilizokutwa katika shirika la utangazaji la nchi hiyo, nyingi zikiwa za enzi za Idi Amin. Wapiga picha wa serikali walikuwa wamefuata kila hafla: gwaride, mikutano, ziara, viongozi wakicheka. Kinachokosekana katika hazina hiyo ni mateso na maiti. Anayeamini kwamba picha inajisemea atatoka humo akidhani Uganda ya miaka ya 1970 ilikuwa nchi ya sherehe. Ndiyo maana waandaaji, wakiwamo wanahistoria wa Makerere na wenzao wa ng'ambo, walilazimika kuuliza swali gumu: unaonyeshaje picha zilizotengenezwa na utawala ili kujisifu, bila kuurudishia utawala huo sifa zake? Swali hilo ni la kitaaluma, na jibu lake likikosewa, wanaoumia ni familia za waliopotea.

Dai la pili ni kwamba upigaji picha ni mambo ya Wazungu, kwa hiyo historia yake ni yao. Tarehe zinalikanusha. Mbinu ya Daguerre ilitangazwa hadharani Paris mwaka 1839. Kati ya 1846 na 1848 afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Charles Guillain, alikuwa tayari yuko kwenye pwani ya Afrika Mashariki na vifaa vya dagerotipu, yaani picha inayotokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Hiyo ni karibu miaka arobaini kabla ya Mkutano wa Berlin na karibu nusu karne kabla ya reli kuanza kutandikwa Mombasa. Kamera ilitua pwani mapema kuliko vitu vingi tunavyoviita vyetu bila kusita.

Tena haikubaki mikononi mwa wageni wapitao. Karne ya 19 haijaisha, A. C. Gomes, mtu wa Goa, alikuwa na studio Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh kuanzia miaka ya 1940. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifundisha kazi mwenyewe, akakata na kuunganisha picha hadi akatoa kolaji za namna yake. Mbele ya kamera hizo walikaa mabaharia, maharusi, walimu wa madrasa, makuli wa bandarini na mabibi waliovaa doti mpya kwa ajili ya siku hiyo. Walichagua pazia la nyuma, wakachagua saa ya kuvaa mkononi, wakachagua nani akae na nani asimame. Watu hao walikuwa wakijitunga. Historia yao ya karne moja iko ndani ya makasha ya studio, na sehemu kubwa ya historia hiyo haimo katika faili za wakoloni, kwa kuwa mkoloni hakuandika jinsi dobi wa Mombasa alivyotaka kukumbukwa na wajukuu zake.

Hapa ndipo msomi aliyekulia katika Kiswahili ana nguvu ambayo hakuna chuo cha nje kinachoweza kumpa. Atautazama ukingo wa kanga na kuusoma. Kwa kuwa maandishi ya kanga yalitumia herufi za Kiarabu kabla ya zile za Kilatini kutawala, ukingo huo unaweza kumsaidia kukadiria umri wa picha isiyo na tarehe. Atajua kofia ya mkono inavaliwa na nani na lini. Atajua mwanamke aliyejifunika buibui yuko katika mji gani na kizazi gani. Atajua kwamba kiti fulani hakikaliwi na mtoto, na kwamba ikiwa amekalishwa hapo kuna jambo. Ujuzi huo anao mama yake pia. Uzamili humfundisha kuubadili uwe hoja inayoweza kuthibitishwa na kupingwa, badala ya kubaki mazungumzo ya barazani.

Na bado vitabu vikuu kuhusu picha zetu vimeandikwa na wengine. Heike Behrend, Mjerumani, alichapisha utafiti wake juu ya upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2013. Prita Meier, anayefundisha New York, alichapisha mwaka 2024 historia ya upigaji picha ya pwani ya Waswahili. Ni kazi nzito, na anayezibeza hajazisoma. Lakini utaalamu unaojengwa na watu wachache walio mbali, hata wawe waaminifu namna gani, hauwezi kukidhi haja ya ukanda wenye mamilioni ya watu na picha zisizohesabika. Lawama hapa ni yetu. Wao walifungua somo. Sisi tuliambiana kwamba picha haisomewi.

Wengine husema tusihangaike, kwa kuwa picha zimeshawekwa mtandaoni na kila mtu anaweza kuziona. Ni kweli kwamba zipo. Northwestern University ya Marekani inahifadhi mkusanyiko wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki zilizopigwa takriban kati ya 1860 na 1960. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt inahifadhi hazina ya picha ya jumuiya ya kikoloni ya Ujerumani, ambamo Afrika Mashariki ya Kijerumani ina sehemu yake. Zote mbili unaweza kuzifungua kwa simu ukiwa Tandika au Kisauni. Lakini fungua uone maelezo yaliyoandikwa chini yake. Mzungu ana jina, cheo na tarehe. Aliyebeba mizigo yake ni "mwenyeji", "mpagazi", "msichana wa Kiswahili". Maelezo hayo yaliandikwa na mpiga picha au mwenye albamu zaidi ya karne moja iliyopita, na mashine iliyoingiza picha mtandaoni imeyarudia kama yalivyo. Kuyasahihisha kunahitaji mtu wa kwenda kijijini na nakala mkononi, kulinganisha mlima na mlima, nyumba na nyumba, kumsikiliza mzee na kisha kumhakiki mzee huyo kwa ushahidi mwingine. Hiyo ni tasnifu. Bila tasnifu hizo, tutaendelea kuwaona babu zetu kwa jicho la aliyewapiga picha, na mtandao utakuwa umetuongezea kasi tu ya kuona vibaya.

Lipo pia suala la sitara. Picha nyingi za studio za Lamu, Mombasa na Unguja zilipigwa kwa ajili ya macho ya ndani: binti aliyepambwa kwa harusi, mke aliyefungua nywele kwa ajili ya mumewe aliye safarini. Nani ana haki ya kuzitoa hadharani leo? Mwenye studio aliyebaki na negativu? Mnunuzi aliyeikuta albamu kwenye mnada? Wajukuu? Swali hili si dogo wala si la pwani peke yake. Mwaka 1850, huko South Carolina, Joseph Zealy aliwapiga dagerotipu watumwa, wakiwamo Renty na bintiye Delia, wakiwa wamevuliwa nguo, kwa agizo la Louis Agassiz, profesa wa Harvard aliyetaka kuthibitisha nadharia zake za rangi. Mwaka 2019 Tamara Lanier, anayejitambulisha kuwa wa ukoo wa Renty, aliishtaki Harvard akidai picha hizo. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya Massachusetts ilikataa dai la umiliki, lakini ikamruhusu adai fidia kwa uchungu aliosababishiwa. Mwaka 2025 pande mbili zilipatana, na Harvard ikakubali kuziachia picha ziende kwenye jumba la makumbusho la South Carolina. Shauri kama hilo likifunguliwa kesho Dar es Salaam au Nairobi, tunahitaji watu wa kuieleza mahakama picha ilipigwaje, kwa ridhaa ipi na ilipita mikono ya nani. Watu hao hawapatikani bila mahali pa kuwafundisha.

Nije sasa kwenye dai lenye uzito kuliko yote: kazi. Mzazi hakosei kuuliza mwanawe atakula nini. Jibu langu ni kwamba hakuna anayetaka mamia ya wahitimu kila mwaka. Tunataka wachache, waliofundishwa vizuri, kwa kazi ambazo tayari zipo na zinafanywa ovyo. Idara ya Habari ya Tanzania, MAELEZO, ina picha za serikali tangu uhuru. Magazeti ya zamani yana makabati ya picha. Nyumba za nyaraka za taifa, majumba ya makumbusho, vituo vya televisheni, watengenezaji wa filamu za kihistoria na wachapishaji wa vitabu vya shule wote wanatumia picha za zamani kila wiki.

Chukua vitabu vya shule. Tanzania imeanza kufundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, na kila kitabu cha somo hilo kitahitaji picha. Kila mtoto wa nchi hiyo anaijua picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964. Inafundishwa kana kwamba ilijipiga yenyewe. Mwalimu aliyesoma historia ya picha angewauliza wanafunzi: kamera ilisimama upande gani? Nani wanaonekana na nani wamekatwa? Picha nyingine za siku hiyo zinaonyesha nini? Ilichapishwa wapi kwanza, na ikawaje ikashinda nyingine? Mtoto aliyezoeshwa maswali hayo hatadanganywa kirahisi akiwa mtu mzima mbele ya picha ya kampeni.

Chukua pia Songea. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini humo kwa ukatili wa vita vya Maji Maji, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Chifu Songea Mbano. Mazungumzo ya kurejesha mabaki na mali zilizochukuliwa yanaendeshwa kwa ushahidi: orodha, barua, na picha za waliochukua na walichochukua. Upande wa pili wa meza una wataalamu wanaojua kila albamu yao. Kwenda kwenye meza hiyo bila wataalamu wetu wa picha ni kukubali kwamba wao watatuambia kilicho chetu. Nani bado atasema hiyo ni anasa?

Wapo wanaokubali haja hii lakini wakasema semina ya wiki moja inatosha. Haitoshi, na sababu ni namna somo lenyewe lilivyo. Mwanafunzi lazima ajue kemia ya picha, atofautishe karatasi iliyopakwa ute wa yai, iliyotawala nusu ya pili ya karne ya 19, na ile ya jelatini iliyofuata, kwa sababu aina ya karatasi inaweza kukanusha tarehe iliyoandikwa nyuma yake. Lazima ajue biashara ya picha, tangu kadi ndogo ambazo Disdéri alizisajili Paris mwaka 1854 hadi postikadi zilizouzwa bandarini mwanzoni mwa karne ya 20, ambazo ziliweza kuchapwa mara nyingi na kupewa maelezo mapya. Lazima asome lugha za vyanzo: Kijerumani kwa faili za Tanganyika, Kiarabu kwa barua za Unguja, Kigujarati kwa daftari za studio. Lazima ajue sheria ya hakimiliki na maadili ya utafiti. Na kabla ya yote hayo lazima awe ameshajua kuhakiki chanzo cha kihistoria. Ndiyo maana mahali pa somo hili ni uzamili: linajengwa juu ya shahada ya historia, sanaa au ukutubi, halianzi patupu.

Wengine watasema basi waende ng'ambo. Princeton imekuwa na kiti cha uprofesa wa historia ya picha tangu 1972, na Uingereza ina shahada za uzamili za somo hili katika vyuo kama St Andrews. Atakayepata nafasi aende. Lakini mtaala wa kule umejengwa juu ya hazina za kule, na anayesomea huko kwa ada ile atachagua mada inayofuata hazina hizo. Afrika tayari imeonyesha njia nyingine. Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, kina kiti cha utafiti cha historia ya picha na taswira kinachoongozwa na Patricia Hayes. Mwaka 1998 yeye, Wolfram Hartmann na Jeremy Silvester walihariri kitabu kuhusu kamera ya kikoloni katika kuundwa kwa historia ya Namibia, na kikabadili jinsi picha za nchi hiyo zinavyosomwa. Kilichofanyika Cape Town kinaweza kufanyika Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala.

Kinachonitia hofu ni muda. Filamu za asetati, ambazo studio zetu zilitumia kwa miongo mingi, zikianza kuharibika hutoa harufu ya siki. Joto na unyevu huharakisha uharibifu huo, na pwani ina vyote viwili mwaka mzima. Harufu ikishasikika, hakuna dawa ya kuirudisha filamu ilivyokuwa; baridi huchelewesha tu. Wazee waliosafisha picha hizo kwenye vyumba vya giza, ambao wangeweza kutuambia nani ni nani, nao wanatutoka. Wakati huohuo akili mnemba inatengeneza kwa sekunde chache picha "ya kale" ya msafara wa sultani au ya vita ambavyo havikupigwa picha. Negativu halisi zikipotea na za kughushi zikijaa, mwenye macho asiyeambiwa tazama atachagua ile inayong'aa zaidi.

Kwa hiyo nawaambia wakuu wa vyuo: anzisheni programu hii, hata kwa wanafunzi watano na wahadhiri wawili, mkishirikiana vyuo vitatu au vinne na kugawana kozi. Nawaambia wenye fedha za ufadhili: ulizeni tena kwa nini picha iko chini ya rundo. Nawaambia wenye studio na wenye albamu: msitupe negativu, na majina ya watu yaandikwe leo kwa penseli nyuma ya kila picha, kabla anayewajua hajaondoka. Na kijana aliyeambiwa anunue kamera apige harusi, ajibu kwa heshima kwamba picha za harusi zilizokwisha kupigwa nazo zinahitaji mtu, kisha aende akasome.